Mzee anataka mbwa wa kuwinda, watoto wanataka wa kulala naye

Mjomba habari ya Nakuru na poleni na baridi. Mimi ni wa hapa Ahero, niite tu Baba Wawili juu bibi yangu pia husoma hizi barua na sitaki kulala nje.

Iko hivi. Mwezi uliopita nilienda Koru kuona jamaa mmoja tulisoma naye, siku hizi anachunga ng'ombe kwa shamba kubwa, na mbwa jike wa hapo alikuwa amezaa saba. Huyo mama ni ile mbwa ya walowezi wa zamani, masikio yameanguka na madoadoa ya kahawia kama mtu amemwagia shuka nyeupe chai ya rangi, wanaita pointa. Baba hajulikani lakini watatu kati ya hao saba walitoka na mkia wa kujikunja so mimi nashuku ni mbwa wa kijiji tu alipita fensi. Nikapewa dume mmoja bure, nikamtia ndani ya jaketi, tukapanda matatu naye mpaka nyumbani akinikojolea njia yote. Watoto wakamwita Bosko. Sasa ako na wiki kumi.

Shida ni kwamba hii nyumba kila mtu anataka mbwa wake tofauti na mbwa ni mmoja.

Mzee wangu alimwona Bosko asubuhi moja amesimama uani, mguu mmoja wa mbele ameukunja, mkia umenyooka kama antena, anaangalia njiwa juu ya mabati na ata hapumui. Jaduong' akavua kofia. Akasema hii ni guok mar dwar, mbwa wa mawindo kamili, hajaona mwingine hivyo tangu akiwa kijana, wakati walikuwa wanazunguka Kano wakitafuta aluru, yaani kwale, na kanga. Kutoka siku hiyo anasema watoto wasimshike shike watamharibia pua, afungwe chini ya ghala mchana kutwa, apewe chakula kidogo ndio awe na hamu, na kwa ugali atiliwe pilipili ndio awe mkali. Nilimpata ashaanza na hiyo pilipili, Bosko alikuwa anakwaruza mdomo kwa nyasi akilia.

Watoto nao, mmoja wa miaka saba na mwingine kumi na moja, wanamlisha omena kutoka kwa sahani zao na usiku wanamwingiza kitandani wakidhani hatujui. Yule mdogo anapenda kumvuta kitu mdomoni, soksi ama kamba, wanavutana mpaka mmoja aanguke.

Mama watoto ndio amefikia mwisho. Bosko ameua vifaranga wawili, ametafuna sandali ya kanisa, na juu ya hiyo kuna mtoto wa majirani aliumwa na mbwa wa kuzurura akadungwa sindano nyingi sana, so kila Bosko akifungua mdomo yeye anaona kichaa cha mbwa. Ameniambia nichague kati ya mbwa na kuku wake.

Mimi kusema ukweli nataka vyote. Nataka mbwa wa nyumbani wa watoto, na nataka mwenzangu wa kutoka naye asubuhi kutafuta ndege na mzee kabla hajazeeka zaidi. Lakini juzi nilienda naye shambani, niko na ekari mbili za mpunga, na jirani akagonga debe ghafla kufukuza ndege tukiwa karibu naye kabisa, Bosko akatoka mbio akaingia chini ya ghala, hakutoka mpaka jioni na alitoka juu ya njaa tu. Mzee akasema ndio hiyo sasa, mmemdekeza.

Mjomba, ni kweli mbwa akibembelezwa na watoto hawezi tena kazi ya ndege? Na huyu mwoga atasaidika ama nirudishe Koru?

Baba Wawili, Ahero

*

Baba Wawili, omera, hapo kwa jaketi nimecheka peke yangu juu mimi nilishawahi kubeba mmoja hivyo kutoka Molo na makanga akataka nimlipie kiti.

Wacha nianze na kitu mzee hatapenda ndio tumalizane nayo. Hiyo ya kutoka asubuhi kutafuta aluru na kanga haipo. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku hapa Kenya tangu 1977, ndege wakabaki kwa leseni kwa muda, halafu sheria ya wanyamapori ya 2013 ikafunga wa kujifurahisha wote na ata ule wa kutafuta mboga ya nyumbani, ni kosa la mahakama na faini na jela. Mnakumbuka ile enzi ya 2013 na 2014 kila mtu alikuwa anafuga kwale, yai linauzwa kama dawa ya kila ugonjwa mpaka soko likaanguka watu wakabaki na mabanda? Ata hao wa kufugwa mtu alikuwa anaenda KWS, shirika la wanyamapori, kutafuta leseni. Sasa wewe ukishikwa na wa porini kwa gunia, mbwa wa madoadoa kando, utasema ulikuwa unampeleka kliniki? Lakini mzee usimwambie kama polisi. Huyo ni mtu alikula hao ndege wakati haikuwa kosa, na macho yake yamemwona Bosko vizuri sana. Ile kusimama na mguu mmoja juu hakuna mtu anafundisha, inatoka kwa damu, na wengi wa aina hiyo huanza kuionyesha wakiwa wadogo hivyo hivyo.

So hiyo pua isitupwe. Kuna neno moja watu wa mjini wameshalisahau lakini nyinyi wa mpunga mnaliishi kila msimu, kuwinga. Toa d kwa kuwinda uweke g. Mbwa yule yule, miguu ile ile, kupenda ndege kule kule, ila kazi yake inakuwa kuwaondoa kwa shamba na si kuwaleta kwa sufuria. Huko kwenu hii si mchezo, mwanzoni mwa 2023 kwelea kwelea walivamia mpunga wa Kisumu mpaka serikali ikaja kunyunyiza dawa. Kandege kamoja kanakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, ukisikia hivyo unaona ni kidogo, lakini hawajawahi kuja kamoja. Na nyinyi mnawingaje? Kwa debe, kwa kamba ya mikebe, kwa tepu ya kaseti inayolia na upepo, na kwa watoto wanaokosa shule wiki nzima wakipiga kelele juu ya kichuguu. Sikudanganyi ati mbwa mmoja atamaliza kwelea. Atawapeleka kwa shamba la huyo jirani wa debe, ambaye mimi simhurumii sana. Lakini ekari mbili, mbwa akitembea na mtu kwa kingo asubuhi mapema na tena kuanzia saa kumi, hizo saa ndio ndege wanakula zaidi, inaonekana tofauti.

Sasa swali lako lenyewe. Kubembelezwa hakumharibu. Miaka ya mwanzo ya tisini nilikuwa kijana wa kulisha mbwa kwa shamba moja upande wa Njoro, wakati huo ndege walikuwa bado wanapigwa kwa leseni, na hapo kulikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja. Mmoja alikuwa anafungwa na mnyororo mpaka siku ya kazi, mwingine alikulia jikoni na mtoto wa mpishi, analala chini ya meza, anavutwa masikio. Pua zilikuwa sawa. Tofauti ni kwamba yule wa mnyororo ukimfungulia alikuwa anaenda kwa ndege, halafu anaenda kwa ndege wengine, halafu kwa swara, halafu tunamtafuta na tochi. Yule wa jikoni ulikuwa unaita mara moja anageuka na kukuangalia usoni. Mwenye shamba alikuwa anatoka na huyo wa jikoni kila wakati, yule mwingine alikaa kwa mnyororo mpaka akazeeka hapo. Kuna kitu mimi sijawahi kusahau, siku moja wa jikoni alileta kanga bado mzima, akamweka chini kwa kiatu cha mwenyewe, yule kanga akasimama akajitikisa akaruka akaenda. Mdomo laini hivyo haupatikani kwa kumfunga mtu chini ya ghala.

Hiyo ya njaa, mbwa mwenye njaa haleti ndege, anakula. Na pilipili wacha leo. Inamchoma tumbo, inamharisha, na kitu anajifunza ni kwamba mkono unaoleta sahani unaleta moto. Huyo mkali mzee anamtafuta atakuja kumuuma mjukuu wake.

Sikiza, una haraka kuliko unavyodhani. Kutoka wiki ya tatu mpaka kama ya kumi na nne akili ya mbwa mdogo iko wazi, kitu anakutana nacho hapo kwa wema anakichukua kama kawaida ya dunia, baada ya hapo kila kipya ni adui kwanza. Wewe uko wiki ya kumi, umebakisha kama mwezi. Mbebe mkononi mpeleke stendi asikie matatu, aone mtu wa helmeti, mwavuli ukifunguliwa, watoto wa yunifomu, mama wa samaki, apigwe na harufu ya kila kitu. Mbebe nimesema, asikanyage chini mahali mbwa wengine hupita mpaka chanjo iishe, juu kuna parvo na hiyo inaua kambwa kwa siku mbili tatu kwa kuhara damu.

Na hapa ndio niko upande wa mama watoto kabisa. Hofu yake ya kichaa si ya ujinga. Ugonjwa huo dalili zikishaanza kuonekana kwa mtu, karibu wote hufa. Lakini unazuilika kwa sindano moja akifika miezi mitatu na kuirudia kila mwaka, na campaign za bure huwa zinakuja sana karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa duniani, uliza ofisi ya mifugo ya wadi yenu. Zile zingine za parvo na distempa zinaanza wiki ya sita mpaka ya nane na kurudiwa kila wiki tatu nne mpaka afike wiki kumi na sita, kama hajadungwa ata moja nenda kesho. Dawa ya minyoo kila wiki mbili mpaka wiki ya kumi na mbili halafu kila mwezi mpaka miezi sita, juu minyoo ya mbwa inaingia kwa watoto pia, na ndio sababu Bosko asilale kitandani. Mwekee katoni na gunia safi kando ya mlango wa chumba cha watoto, atawasikia wakipumua na itamtosha. Na mbwa yeyote akimuuma mtu, ata wenu, kidonda kioshwe na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili halafu hospitali siku hiyo hiyo, si kesho.

Kuku. Vifaranga wawili si kesi, mbwa wa ndege ameua ndege, ulitarajia nini. Kosa ni lako kumwacha peke yake nao. Kutoka leo akiwa uani na kuku yuko na kamba, na wewe uko na omena mfukoni. Simama mbali mahali anawaona lakini hajachizi. Akiwaangalia halafu akageuza kichwa kukuangalia, ata nusu sekunde, mpe omena. Kila siku dakika tano, mnasogea hatua mbili mbele, akianza kuvuta mnarudi nyuma hatua tatu bila kelele. Kuna watu watakuambia umfunge kuku aliyekufa shingoni mpaka aoze, hiyo nimeona ikifanywa na matokeo yake ni mbwa ananuka na bado anakula kuku. Mwambie mama watoto hivi, nipe wiki sita, na vifaranga vyako tuviwekee banda la wavu, nalijenga mimi Jumamosi. Ukijenga kabla ya kuongea itasikika vizuri zaidi.

Mchezo wa kuvutana, huo tu ndio kitu watoto wanaharibu kweli. Mbwa anayevutana anaweza kujifunza kubana kila kitu akishika. Wabadilishie mchezo. Chukua soksi kuukuu, ikunje iwe donge la ukubwa wa ngumi, mtoto akae mwisho wa korido ama katikati ya kuta mbili mahali Bosko hana pa kupitia isipokuwa kurudi kwake, arushe mita tatu hivi. Akiokota asimkimbize, mtu akimkimbiza anaona ni shindano, mtoto achuchumae na apige paja. Akifika asimpokonye, amshike shike kifua kwanza akiwa bado na soksi mdomoni, halafu amwonyeshe omena na soksi itaanguka yenyewe. Mara tatu nne basi, waache akiwa bado anataka. Kuanzia miezi minne mpaka kama sita au saba meno ya utoto yanang'oka, hapo ufizi unauma, punguzeni na mmpe kitambaa kilicholowa maji baridi atafune badala ya sandali ya kanisa.

Sasa uoga. Huyo si mwoga na hajadekezwa, alipigiwa debe kwa sikio akiwa mtoto wa wiki kumi, wewe pia ungeingia chini ya ghala. Inarekebishika ukianza mapema. Wakati anakula na amezama kwa sahani, mtu mmoja akiwa mbali, ng'ambo ya nyumba, agonge sufuria polepole na kijiko cha mbao mara moja. Akiinua kichwa kisha akarudi kula ni sawa, akiacha kula mlikuwa karibu sana ama mmegonga kwa nguvu. Mkae hapo hapo siku tatu nne, halafu hatua chache karibu. Ndio ufikie debe inaweza chukua miezi miwili na usiwe na haraka, mbwa aliyeharibika kwa mlio akiwa mdogo ni kazi ngumu sana kumrudisha, nimeona pointa mzuri wa pesa nyingi akibaki kulala verandani maisha yake yote kwa sababu ya bunduki moja iliyopigwa kabla ya wakati. Na umwombe jirani, kwa soda ikibidi, asigonge mkiwa karibu.

Kwa mpunga usimkimbize kabla ya mwaka, mifupa bado inakua. Mpaka miezi sita ni matembezi tu kwa kingo, dakika kumi, kumi na tano, akiwa na kamba ndefu ya kama mita kumi inayoburuta ndio ukimwita na akajifanya hasikii unaikanyaga. Chakula mara tatu kwa siku, ugali na omena si mbaya lakini aongezewe yai, mboga, ata maini kidogo yaliyopikwa, bila kitunguu, na mifupa ya kuku iliyopikwa hapana kabisa, inapasuka kama sindano.

Kitu kimoja usikisahau juu hiki kinaweza kuwamalizia mbwa siku moja. Kwelea wakizidi serikali imekuwa ikinyunyiza sumu inaitwa fenthioni, na huko mpakani Bunyala watu wenyewe walishawahi kuwawekea ndege sumu ya wadudu kwa mpunga na kwa konokono ndio wapate nyama ya kuuza. Mbwa akiokota ndege aliyekufa hivyo anaanza kutoa povu na kutetemeka na huwa hamfiki kwa daktari. Mkisikia dawa inapita, Bosko anakaa nyumbani siku kadhaa, na kuanzia leo mfundisheni kuacha kitu akiambiwa, kwa njia ile ile ya soksi na omena. Na nyinyi msile pia.

Nimebakisha mzee. Wewe uko na kazi, watoto wako na shule, na mbwa wa kuwinga akiachwa peke yake shambani atalala chini ya mti kama mlinzi wa usiku. Anahitaji mtu mwenye muda, mwenye kujua ndege wanatua upande gani jua likitoka, na anayependa kutembea polepole. Kwenu kuna mtu mmoja tu hivyo. Nunua filimbi ya refa, ile ya plastiki, mpe yeye na asiwe mwingine yeyote wa kuipuliza. Kila akimpelekea Bosko sahani apulize mara mbili fupi kabla ya kuiweka chini, sahani bila pilipili. Baada ya wiki mbili aipulize Bosko akiwa nyuma ya nyumba halafu mkae kando mwangalie uso wa Jaduong' huyo mbwa akija mbio masikio yamegeuka ndani nje.

Koru usirudishe. Niandikie akifika miezi sita uniambie kama mama watoto bado anahesabu vifaranga.